Bastola ya Upepo Kwenye Ngoma ya Baba

Mabatini, Jumatatu, jua linakaribia kuzama.

Leo kumekuwa na joto tangu asubuhi, na upepo wa ziwani umegoma kupanda huku kwetu. Nimerudi kutoka kijijini mchana, vumbi hadi kwenye kope. Kila nikikumbuka ya jana natamani kujifunika kanga usoni.

Acha niandike tu. Nisipoandika nitaishia kumsimulia tena mume wangu, na yeye keshacheka vya kutosha.

Nilitengeneza bastola ya upepo. Mimi, Mama Kulwa, mwanamke mzima, mama wa mapacha, mwenye akili zangu timamu. Niliitengeneza hapahapa nyumbani kwa ajili ya baba yangu mzazi. Baba si askari wala mwindaji. Baba ni manju, yaani kiongozi wa ngoma, na ngoma ndiyo iliyomfanya aitake bastola.

Kwa asiyezijua ngoma zetu za Kisukuma, nieleze kidogo. Baada ya mavuno vikundi viwili vinakutana kwenye uwanja mmoja na kucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake. Hakuna anayetoa maksi. Watu wenyewe ndio maksi. Mtazamaji anakwenda anakotaka, akichoka huku anahamia kule, na jua likizama wazee wanatazama upande upi umejaa. Uliojaa ndio umeshinda. Kwa hiyo manju yeyote anayejiheshimu hatoki na sauti peke yake, anatoka na kioja. Mmoja atavaa chatu shingoni, mwingine atamwingiza fisi amefungwa kamba, mwingine atakuja na sanamu la mti linalokatika kiuno. Na dawa ya mvuto, bila shaka, ingawa siku hizi sioni kama watu wanavutika nayo sana.

Baba amecheza na chatu tangu sijazaliwa. Sasa magoti yanamsumbua na watu wamemzoea chatu wake, watoto wanamshika mkia. Na upande wa pili kuna yule kijana aliyekuwa mpiga ngoma wa baba mwenyewe. Alijitenga, akaunda kikundi chake, na tangu mambo yawe ruksa na bidhaa za nje zijae madukani amejipatia jenereta, spika kubwa na maikrofoni. Anaimba, sauti inafika mpaka barabara kuu. Amemshinda baba mwaka jana, amemshinda mwaka juzi.

Mwaka huu baba akatamka mbele ya kikundi chote: yule kijana akimshinda tena, anavua njuga, anakabidhi usinga, anakaa nyumbani.

Mama alifurahi waziwazi. Anataka mume wake apumzike, na simlaumu. Lakini mimi niliogopa. Baba akishatamka neno mbele ya watu, halirudi. Na nimewaona wazee wa ngoma wakishavua njuga. Wanakaa kwenye kiti cha kamba, wanaanza kulalamikia chumvi kwenye mboga, na kabla mtama haujaiva tena mnaitwa msibani. Sikutaka baba yangu akae kwenye kile kiti.

Wakati pamba inaanza kuchumwa, baba akaja mjini. Alikuwa hajawahi kukaa kwenye kona yangu ya kazi. Mimi nilikuwa mkereza vyuma kwenye karakana ya kiwanda cha nguo mpaka walipotupunguza, na sasa natengeneza majiko ya kupampu na pampu za baiskeli hapa barazani. Baba hajawahi kuitukana kazi yangu, ila alikuwa akifika anapitiliza moja kwa moja ndani, kama vile nafanya kitu cha aibu pale nje. Siku hiyo alikaa. Akanywa chai, akanitazama nikilipampu jiko la mteja mpaka likaanza kuvuma.

"Huo upepo," akasema, "unaweza kurusha kitu?"

"Unaweza, baba."

"Basi nitengenezee kitu cha kuvuta watu. Nimechoka na chatu."

Jamani! Baba yangu ananiomba mimi kazi ya mikono yangu! Nilifurahi mpaka nikaimwaga chai yake.

Tulipanga hivi. Atasimama katikati ya duara, ngoma zitanyamaza, atalenga kibuyu kilichotundikwa juu ya mti mrefu. Kibuyu nimekipasua na kukigandisha kwa nta, ndani kimejaa unga. Kikiguswa tu kinaachia, unga unamwagika kama mvua, ngoma zinalipuka upya. Hakuna baruti wala risasi. Bastola inasukuma kidonge cha udongo mkavu kwa upepo tu. Nani asingekimbilia kutazama?

Nitasema ukweli, nilizama kwenye kazi ile kuliko kazi yoyote tangu nitoke kiwandani. Bomba nililipata kwenye pampu ya baiskeli ya mume wangu, na kwa hilo tulinuniana. Ngozi ya ndani niliikata mwenyewe na kuiloweka kwenye mafuta, nikaikataa, nikakata nyingine. Upepo ulikuwa ukivuja. Nikiweka sikio nausikia unavyonicheka. Nilirudia na kurudia mpaka siku moja nikaweka sikio, kimya. Nilipiga kigelegele peke yangu barazani.

Halafu mpini. Baba ana kidole cha shahada kilichokakamaa tangu alipoburutwa na kamba ya ng'ombe akiwa kijana, kwa hiyo triga ya kawaida asingeiweza. Nilimpa donge la udongo wa mfinyanzi, nikamwambia alifinye kama anavyoshika usinga wake. Akalifinya, akaondoka zake kijijini. Mimi nikakaa na lile donge na kipande cha mninga, nikachonga kwa kisu na tupa mpaka kila bonde la mkono wake likawa kwenye mti. Triga nikaihamishia kwenye kidole cha kati. Hiyo bastola dunia nzima ingeshikwa vizuri na mtu mmoja tu.

Mume wangu ni fundi cherehani pale Igogo, mtu wa rangi na vitambaa. Alipoiona imeiva akaizungusha mkononi akasema, "Ipake nyekundu, mama. Au njano. Watu wajue ni mchezo."

Nikamjia juu. Nikamwambia kazi ya chuma haipakwi rangi kama ndoo ya maji. Niliichoma kwenye makaa na kuizamisha kwenye oili chafu mpaka ikawa nyeusi inang'aa, nikaisugua kwa kitambaa. Ilitisha kwa uzuri. Hilo neno "ilitisha" nililitamka mwenyewe, kwa majivuno, na sikusikia ninachosema.

Nilipoijaribu nyuma ya nyumba, jirani yangu alikuwa anaanua nguo. Akaniuliza hiyo ni ya kuulia nini. Nikamwambia ya kuulia unga. Hakucheka. Aliwaita wanawe ndani na kufunga mlango, na nguo nyingine aliziacha kambani.

Mimi nikaendelea kulenga kopo.

Jana ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Uwanja uko upande wa Kisesa, si mbali na Bujora. Watu walikuwa wengi ajabu, wenye baiskeli, wenye pikipiki, wanawake na vitenge vipya, wauza miwa, wauza maandazi. Yule kijana kawasha jenereta lake, linanguruma, spika zinapasua masikio. Lakini baba alikuwa vizuri. Alisahau magoti yake. Aliwaimba watu kwa majina na vituko vyao, na jioni ilipokaribia nusu ya uwanja ilikuwa kwetu. Labda zaidi ya nusu. Nilimwona mama, hata yeye aliyetaka baba ashindwe, anatikisa mabega.

Sasa hapa lazima nieleze mambo mawili, maana ndiyo yaliyotumaliza.

La kwanza, kioja ni siri. Manju hamwambii mtu, hata wachezaji wake, maana neno likivuja upande wa pili watakuja na dawa ya kukiharibu. Kwa hiyo, ukimtoa jirani yangu wa mjini, tulioijua bastola tulikuwa baba, mama, mimi na mume wangu aliyebaki mjini. Wapiga ngoma waliambiwa tu kwamba baba akiinua usinga, wanyamaze.

La pili, kioja huonyeshwa. Manju hatoi kitu na kukitumia hapohapo. Anakiinua, anazunguka nacho polepole duara zima, kila mtu akione kwa macho yake. Chatu alizungushwa hivyo. Fisi wa watu huzungushwa hivyo. Baba amefanya hivyo maisha yake yote, na mimi nimemwona tangu nabebwa mgongoni, na wala halikunijia kichwani. Mimi niliyewaza ngozi, nta, springi, kidole cha kati, vyote hivyo, sikuwaza kwamba bastola ina mdomo.

Baba akainua usinga. Ngoma zikanyamaza. Akaingiza mkono ndani ya ngozi yake ya mbuzi, akatoa ile bastola nyeusi inayong'aa, na kuinyoosha mbele. Kisha akaanza kuwazungushia watu polepole, uso kwa uso, anatabasamu.

Mwaka huu majambazi wamewatesa watu wa ziwani, wanapora injini na nyavu mchana kweupe. Duka la pale barabarani limevamiwa juzi tu. Mama mmoja aliyekuwa mbele akapiga yowe, "Ana bastola! Mzee ana bastola!"

Mungu wangu, walivyokimbia!

Nyuma ya upande wetu kuna ua wa minyaa, hakupitiki. Njia ya wazi ilikuwa moja, kuvuka uwanja. Kwa hiyo watu wa baba, wote, na maandazi yao na watoto wao, walikimbilia kwa yule kijana. Wapiga ngoma wetu wakazitupa ngoma wakawafuata. Wachezaji nao. Mzee mmoja anayetembelea fimbo aliiacha fimbo.

Baba hakuelewa. Alikuwa amezama kwenye kioja chake, na jua la jioni lilikuwa linampiga machoni. Alimaliza kuzunguka kama inavyotakiwa, akageuka, akalenga, akavuta. Kidonge kilikipata kibuyu katikati kabisa. Kikaachia, unga ukamwagika wote, mweupe, mzuri, vilevile nilivyouota. Walioona ni mimi, mama, na mbwa mmoja.

Na naungama: kitu cha kwanza kupita moyoni mwangu hakikuwa huruma kwa baba. Kilikuwa "imepiga katikati!" Ndivyo nilivyo, sijui nifanyeje.

Huruma ilifuata. Baba yangu amesimama peke yake kwenye duara tupu, unga mpaka kwenye ndevu, anageuka huku na huku akitafuta watu wake. Yule kijana akashika maikrofoni: "Karibuni, karibuni sana, huku kwetu hatuui mtu!" Uwanja mzima ukaangua kicheko. Nilitamani ardhi inimeze.

Sungusungu walifika na filimbi zao. Kamanda wao akaichukua ile bastola, akaunusa mdomo wake, akaipampu, akafyatulia kiganja chake mwenyewe. Tsu.

"Mama," akaniambia, "hii ni pampu ya baiskeli."

"Ndiyo, kamanda."

Alijitahidi kukaza uso, akashindwa. Alisema kazi ni nzuri, ila itakaa kwa mwenyekiti wa kijiji na nisitengeneze nyingine. Nikaitikia haraka. Kwa kweli sikutaka hata kuiona.

Nilidhani baba atakwenda kukaa. Badala yake aliokota ngoma iliyoachwa, akaiweka kati ya magoti yake mabovu, na kuanza kuipiga mwenyewe taratibu. Akaimba. Aliimba kwa Kisukuma, maana yake ni hivi:

Nilimwambia binti yangu aniletee watu,
kaniletea kitu cha kuwatawanya.
Njooni mumwone, yupo hapa,
mikono ina mafuta, kichwa kina moto.
Mwenzangu kazaa manju, mimi nimezaa karakana.

Baba ameimba ng'ombe wake wote. Kaimba kaka zangu, majirani, mbunge, hata mbwa. Mimi nilikuwa sijawahi kuimbwa. Nilisimama palepale kwenye unga, machozi yananitoka, sijui ni ya aibu au ya nini.

Spika ilikuwa inanguruma lakini waliokaa karibu walisikia. Wakaanza kugeuza shingo. Mmoja akacheka, akamvuta mwenzake. Wapiga ngoma wetu wakarudi mmoja mmoja wakiangalia chini. Kisha wanawake wakaja, wanataka kumwona huyo mwanamke karakana. Baba akanishika mkono na kuniingiza katikati, nikacheza. Sijacheza tangu niolewe, nilikuwa nimekakamaa kama mlango, na walishangilia hivyohivyo. Watu walikuwa wanaendelea kuvuka uwanja kuja kwetu. Tungepata muda kidogo tu!

Jua likazama.

Wazee wakatazama. Hapakuwa na ubishi, upande wa yule kijana bado ulikuwa umejaa zaidi. Alishinda. Alikuja kumsalimia baba kwa adabu zote, akapiga goti kidogo, na baba akaitikia. Tukatembea hadi nyumbani. Mama hakuonekana mwenye furaha kama nilivyotegemea. Mimi nilikwenda kulala bila kula, nikijiambia kwamba nimemkalisha baba yangu kwenye kile kiti kwa mikono yangu mwenyewe, tena mikono ninayojivunia.

Asubuhi nilimkuta uani. Njuga zimetandazwa mbele yake juu ya gunia, anazisugua kwa majivu. Nikajua anazisafisha ili amkabidhi mtu. Nikapiga magoti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umelala?"

"Sijalala. Nisamehe, baba."

Akaendelea kusugua. Kisha akauliza, bila kuniangalia, "Jana nani kanishinda?"

"Yule kijana, baba."

"Yule alikuwa upande wake anapiga kelele na lile dude lake. Nauliza, watu wangu waliondolewa na nani?"

"Na mimi."

"Basi." Akainua njuga moja, akaitikisa sikioni, ikalia safi. "Mimi nilitamka kwamba nikishindwa na yeye, navua. Sikutamka nikishindwa na mwanangu. Hiyo haimo."

Mama alikuwa jikoni anasonga ugali. Mwiko ukatua sakafuni, pwaa. Akatoka mpaka mlangoni na unga mikononi, akamtazama baba, akanitazama mimi. "Umempa mwaka mwingine," akaniambia. "Umeridhika sasa?"

Nilicheka huku nalia, na makamasi juu, mbele ya wazazi wangu. Baba naye alicheka mpaka akakohoa, na alipokohoa mama alimletea maji huku akimsonya. Kikohozi kile sikukipenda. Kilichukua muda kutulia, na mama alinikazia macho muda wote huo ili nikisikie vizuri. Nilikisikia.

Nilipokuwa naaga, mama alinifungia michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, kwenye kitambaa, kwa hiyo sijafukuzwa. Baba alinisindikiza mpaka njiani, anachechemea. Akasema mwakani nimtengenezee kingine, ila kisiwe na mdomo wa kuelekezewa mtu.

Nimekaa hapa barazani tangu nirudi, majiko ya wateja yananisubiri na sijagusa hata moja. Mama anaweza kuwa na haki. Labda mwaka mmoja wa kucheza utamla baba kuliko mwaka mmoja wa kukaa. Sijui, na hakuna wa kumuuliza. Ninachojua ni kwamba amenipa kazi, na ataishi kuisubiri.

Kitu cha chuma cha kuwafanya watu wasogee karibu. Kinakuwaje hicho, Mama Kulwa?